WBLS 107.5 FM ya New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Waswahili wanaoishi New York na New Jersey, pamoja na walioko nyumbani wanaosikiliza kwa simu, huuliza maswali yaleyale kuhusu redio hii. Ni ya nani? Inapiga nini? Kwa nini watu wazima wa Harlem, mtaa maarufu wa watu weusi jijini humo, wakiitaja wanazungumza kama wanamtaja mtu wa ukoo? Tumeyakusanya hapa. Baadhi ya majibu ni marefu, maana historia ya kituo hiki haiwezi kukatwa vipande vifupi bila kuipunja.

WBLS ni redio ya aina gani, na inasikika wapi?

Ni kituo cha FM kinachopatikana kwenye masafa ya 107.5. Kinapiga R&B na soul kwa watu wazima: nyimbo mpya kiasi, na za miaka ya 1970, 1980 na 1990 kwa wingi. Mitambo yake ya kurushia matangazo iko juu ya jengo la Empire State, Manhattan. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kadiri antena inavyokaa juu ndivyo yanavyofika mbali. Ndiyo sababu kituo kinasikika vizuri Bronx, Brooklyn, Queens, Harlem na Staten Island, ng'ambo ya mto huko Newark na Jersey City, na sehemu ya Long Island. Ukiendesha gari kuelekea Philadelphia, njiani itaanza kukwaruza kisha ipotee.

Ilianzaje kuwa redio ya watu weusi?

Kulikuwa na kituo kinaitwa WLIB kwenye AM, masafa ya 1190, na kingine cha FM chini ya paa hilohilo. WLIB ilikuwa ikizungumza na watu weusi wa Harlem kwa miaka mingi, lakini wamiliki hawakuwa watu weusi. Hali ilikuwa hivyo karibu kila mahali Marekani. WDIA ya Memphis ilianza mwaka 1948 kurusha vipindi vilivyolenga wasikilizaji weusi, na wenye mali walikuwa wazungu. WERD ya Atlanta, iliyonunuliwa na Jesse Blayton mwaka 1949, ndiyo ya kwanza nchini humo kumilikiwa na mtu mweusi, na kwa muda mrefu zilizofuata nyayo zake zilikuwa za kuhesabika.

New York ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Percy Sutton, wakili aliyewahi kumtetea Malcolm X na ambaye wakati huo alikuwa rais wa wilaya ya Manhattan, aliungana na wenzake wakaunda kampuni ya Inner City Broadcasting. Wakainunua WLIB ya AM kwanza. Ile ya FM, ambayo ndiyo WBLS, ikaingia mikononi mwao mwaka 1974. Kuanzia na WLIB, kwa mara ya kwanza jiji hilo likawa na kituo cha redio kinachomilikiwa na watu weusi wenyewe.

Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Mwenye kituo ndiye anayeamua nani aajiriwe, habari gani isomwe, nani apewe kipaza sauti mtaa unapopata msiba, na wimbo gani ustahili kusikika. Sutton aliielewa siasa, na aliijua nguvu ya sauti inayoingia jikoni mwa mtu kila asubuhi. Mwaka 1981 akaokoa pia ukumbi wa Apollo wa Harlem, uliokuwa umefilisika. Redio na ukumbi vikawa vya watu wamoja.

WLIB iko wapi siku hizi?

Ipo bado kwenye 1190 AM, na sasa hupiga nyimbo za injili. Ina kisa ambacho wapenda mitambo watakipenda. Kwa miaka mingi WLIB ililazimika kuzima matangazo jua linapozama, kwa sababu usiku mawimbi ya AM husafiri mbali sana na masafa ya 1190 yalikuwa na mkubwa wake: WOWO ya Fort Wayne, Indiana, kituo cha nguvu nyingi. Sheria ililinda mawimbi ya WOWO. Inner City ikafanya jambo la kijasiri. Mwaka 1994 ikainunua WOWO yenyewe, ikapunguza nguvu zake za usiku, kisha ikaiuza. Harlem ikapata kusikiliza WLIB hadi usiku wa manane. Walinunua kituo kilicho mamia ya maili mbali ili jirani zao wasikatiwe matangazo magharibi.

Frankie Crocker ni nani, na kwa nini kila mzee anamtaja?

Kwa sababu sauti ya WBLS ni yeye aliyeiumba. Crocker alizaliwa Buffalo, akaanzia redio za huko, akaja New York, na akawa mkurugenzi wa vipindi wa WBLS. Hewani alijiita "Chief Rocker". Alikuwa na madaha ya mtu anayejua anasikilizwa. Aliwahi kufika kwenye klabu ya Studio 54 akiwa juu ya farasi mweupe, na kila usiku alifunga kipindi chake kwa wimbo uleule, "Moody's Mood for Love" ulioimbwa na King Pleasure. Waliokuwa vijana enzi hizo wakiusikia leo wanajua ni saa ya kuzima taa.

Lakini madaha hayamfanyi mtu akumbukwe miaka hamsini. Alichofanya Crocker ni kukataa mipaka ya orodha ya nyimbo. Redio nyingi za watu weusi zilishikilia soul na R&B tu. Yeye aliweka jazz karibu na disko, wimbo mrefu wa dakika nane karibu na wa dakika tatu, mwimbaji mzungu karibu na kwaya ya kanisani, mradi vyote viwe na roho moja. Hakuuliza wimbo umetoka duka gani la santuri. Aliuliza kama mtu wa Brooklyn aliyetoka kazini atauongezea sauti. Kituo kikapanda hadi kushindana na vikubwa vyote vya jiji, na wazungu, Wapuerto Riko na watu wa visiwa vya Karibea wakawa wanakisikiliza pamoja na weusi wa Marekani.

Aliondoka na kurudi zaidi ya mara moja. Alifariki Oktoba 2000.

Neno "urban" lilitoka wapi?

Crocker ndiye anayetajwa kuwa aliuita mtindo wake "urban contemporary", katikati ya miaka ya 1970. Kwa upande mmoja lilikuwa jina la kweli: muziki wa jiji zima na si wa kundi moja. Kwa upande wa pili lilikuwa jibu la kibiashara. Makampuni mengi yalikataa kununua matangazo kwenye redio za watu weusi hata pale zilipokuwa zinaongoza kwa wasikilizaji, na mengine yaliwaagiza mawakala wao waziwazi wasizinunue. Jina lisilotaja rangi lilimpa afisa masoko nafasi ya kuingia mlangoni.

Baadaye jina hilohilo likageuka kuwa boma. Kampuni za muziki zikaanzisha idara za "urban", na msanii yeyote mweusi akatupwa humo, awe anaimba nini. Mwaka 2020 kampuni ya Republic Records ilitangaza kuacha kulitumia, na waandaaji wa tuzo za Grammy wakalitoa kwenye jina la kipengele chao kimoja. Redio zenyewe bado zinalo, kwa sababu wauza matangazo wamelizoea.

Muziki wa Afrika uliwahi kupigwa?

Ndiyo, na mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1972 mpiga saksofoni wa Kameruni, Manu Dibango, alirekodi wimbo wa timu ya taifa kwa ajili ya Kombe la Afrika lililofanyika nchini mwake. Upande wa pili wa santuri aliweka "Soul Makossa". Nakala chache ziliingia New York kupitia maduka ya wahamiaji. David Mancuso, aliyekuwa akifanya sherehe za muziki nyumbani kwake Manhattan, aliipata Brooklyn akaanza kuipiga. Frankie Crocker akaichukua akaipandisha hewani WBLS. Maduka yakashindwa kukidhi mahitaji, wanamuziki wa New York wakaanza kurekodi matoleo yao ya haraka ili wauze wao, na mwaka 1973 wimbo wenyewe ukafika nafasi ya 35 kwenye chati kuu ya Billboard.

Hapakuwa na kampuni kubwa iliyoupigia debe. Alikuwapo mtu mmoja redioni mwenye sikio na mamlaka ya kuamua, akaamini kwamba jiji litauelewa wimbo ulioimbwa kwa lugha ya Kameruni. Kila ninaposikia mtayarishaji akisema wasikilizaji "hawako tayari" kwa wimbo wa lugha ngeni, nakumbuka habari hii.

Na rap? Si WBLS ilikuwa redio ya wazee?

Wakati ule haikuwa ya wazee. Mr. Magic alianza kwa kununua muda wa hewani kwenye kituo kidogo, WHBI, mwaka 1979. Mwaka 1982 akahamia WBLS na kipindi chake cha "Rap Attack", akiwa na Marley Marl kwenye mitambo. Rap ikawa imepata kipindi chake kwenye kituo kikubwa cha biashara, usiku wa wikiendi, wakati wengi kwenye tasnia waliamini ni upepo utakaopita. Mwaka uliofuata Kiss FM, 98.7, ikamweka Kool DJ Red Alert, na vijana wa New York wakagawanyika: huyu ni wa Magic, yule ni wa Red Alert. Walikaa na kaseti tupu kwenye redio, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi. Kaseti hizo zilisafiri hadi Uingereza na kwingineko, na nyingi sasa ziko kwenye intaneti. Zisikilize. Utasikia hip hop ikijifunza kutembea.

"Quiet Storm" ni nini?

Kipindi cha usiku cha nyimbo laini za mapenzi. Hakikuzaliwa WBLS bali Washington, kwenye WHUR, redio ya Chuo Kikuu cha Howard, mwaka 1976, mtangazaji akiwa Melvin Lindsey. Jina lilitokana na wimbo wa Smokey Robinson. New York kilipata sura yake mwaka 1983 kupitia Vaughn Harper, mtu wa sauti nzito iliyotulia, aliyewahi pia kuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Vipindi vya "usiku wa mahaba" unavyovisikia kwenye redio nyingi za FM duniani ni wajukuu wa hiki.

Hal Jackson je?

Jumapili. Ukitaja Hal Jackson umetaja Jumapili. Alianza utangazaji Washington kabla ya miaka ya 1940 kuisha, wakati vituo havikutaka mtu mweusi mbele ya kipaza sauti, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Inner City. Kipindi chake cha "Sunday Classics" kilirushwa WBLS kwa miongo mitatu hivi, na aliendelea kutangaza akiwa na umri uliopita miaka 90. Alifariki Mei 2012.

Kiss FM ilikwenda wapi? Na WBLS sasa ni ya nani?

Hili ndilo swali chungu.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya mawasiliano. Kabla yake, kampuni moja haikuruhusiwa kuwa na vituo vya redio zaidi ya 40 nchi nzima. Sheria hiyo iliondoa kikomo cha kitaifa kabisa, na kwenye miji mikubwa ikaruhusu kampuni moja kumiliki hadi vituo vinane. Mwaka mmoja nyuma, 1995, Bunge lilikuwa limeshafuta nafuu ya kodi iliyompa muuzaji sababu ya kuuza kituo chake kwa watu wa jamii ndogo. Bei za vituo zikapaa. Kampuni ndogo kama Inner City zikabaki na njia mbili: kukopa ili zikue, au kuuza.

Inner City ilikopa. Uchumi ulipoyumba mwaka 2008 na matangazo yakapungua, deni likawa kubwa kuliko uwezo wake, na mwaka 2011 kesi ya ufilisi ikafika mahakamani. Sutton hakuyaona hayo, alikuwa amefariki Desemba 2009. Mwaka 2012 mali za kampuni zikahamia kwa wawekezaji wa YMF Media, Magic Johnson, mchezaji nyota wa zamani wa mpira wa kikapu, akiwa mmoja wao. Mwaka huohuo, mwishoni mwa Aprili, kampuni ya Emmis ikakodisha masafa ya 98.7 kwa ESPN, redio ya michezo. Kiss FM ikazimika, na jina lake na baadhi ya watangazaji wake vikaunganishwa na WBLS. Vituo vilivyopigana miaka thelathini vikawa kimoja, na wasikilizaji waliokuwa na sehemu mbili za kwenda wakabaki na moja.

Mwaka 2014 Emmis ikainunua WBLS na WLIB kwa dola milioni 131. Tangu 2019 WBLS na Hot 97, redio ya hip hop ya jiji hilohilo, ziko chini ya kampuni ya MediaCo. Muziki ni uleule, watangazaji wengi ni watoto wa jiji, na kazi yao ni nzuri. Hata hivyo, sauti ya Harlem haimilikiwi tena na kundi la watu wa Harlem, na mimi naona hiyo ni hasara ambayo orodha nzuri ya nyimbo haiwezi kuifidia.

Tofauti yake na Hot 97 na Power 105.1 ni ipi?

Umri. Hot 97 (97.1) na Power 105.1 zinapiga hip hop na R&B ya sasa na zinalenga vijana. WBLS inamlenga mama na baba yao. Nyumba moja inaweza kuwa na wasikilizaji wa vituo vyote vitatu, na ugomvi wa nani aguse redio ya gari.

Msanii anaweza kulipa ili wimbo wake upigwe?

Kulipa kwa siri ni kosa la jinai Marekani tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1960, yaliyokuja baada ya Bunge kuchunguza watangazaji waliokuwa wakipewa mlungula na kampuni za santuri. Wimbo uliolipiwa lazima utangazwe hewani kuwa umelipiwa. Nyimbo za kawaida huchaguliwa na mkurugenzi wa muziki na mkurugenzi wa vipindi kwenye kikao, wakitazama majaribio ya wasikilizaji na takwimu za mitandao ya muziki, kisha programu ya kompyuta hupanga kila saa. Kwa hiyo mtangazaji unayemsikia mara nyingi hana mamlaka ya kubadilisha wimbo. Ukimwandikia yeye kuomba wimbo wako upigwe, umemwonea bure. Andika kwa mkurugenzi wa muziki.

Wimbo ukipigwa, msanii analipwa?

Inategemea ni nani. Redio za Marekani hulipa mtunzi na mchapishaji wake kupitia mashirika kama ASCAP na BMI. Mwimbaji ambaye hakutunga wimbo wenyewe halipwi chochote kwa matangazo ya hewani. Nchi nyingi duniani humlipa, Marekani haimlipi. Kituo hichohicho kinaporusha kwa intaneti, hapo mwimbaji ana haki ya malipo, na yanapitia SoundExchange. Msanii wa Bongo Fleva au Gengetone anayetarajia kupigwa huko ajisajili kote kuwili mapema, kwa sababu fedha isiyo na mwenyewe hakuna atakayeitafutia mtu wake.

Wasikilizaji wanahesabiwaje?

Zamani watu walijaza daftari. Tangu 2008 New York inatumia kifaa kidogo kinachovaliwa mwilini, kinachonasa msimbo usiosikika na sikio ndani ya matangazo. Kilipoanza, takwimu za redio za weusi na za Walatino ziliporomoka ghafla, na vituo vikalalamika kwamba waliovalishwa kutoka jamii hizo walikuwa wachache mno. Mwanasheria mkuu wa jimbo, wakati huo Andrew Cuomo, aliishtaki kampuni ya Arbitron, iliyokuwa ikifanya hesabu hizo, na Januari 2009 wakakubaliana kwamba kampuni irekebishe namna inavyopata watu wake. Matangazo hununuliwa kwa kufuata hesabu hizo, na asiyehesabiwa huhesabiwa kuwa hayupo.

Redio zetu za FM ziliiga kutoka huko?

Kwa sehemu. Serikali zetu zilipofungua masafa kwa watu binafsi miaka ya 1990, vituo kama Capital FM ya Nairobi na Clouds FM ya Dar es Salaam vilichukua mengi kutoka Marekani: kipindi cha asubuhi chenye watangazaji wawili watatu wanaotaniana, jingo za haraka, DJ wa Ijumaa usiku, tamasha linalobeba jina la redio. Kilichoyafanya yadumu ni lugha. Watangazaji walipoacha kubana pua wakaongea kama mtaani, na Bongo Fleva ikapewa muda mzuri wa hewani, redio zikawa za watu. Kwenye salamu za msikilizaji anayepiga simu kumtakia heri mama yake Mbagala hatukumwiga mtu yeyote.

Niko Afrika Mashariki. Nitaisikilizaje, na saa ngapi?

Kwa tovuti ya kituo au programu ya simu ya redio za intaneti. Zingatia tofauti ya saa: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba New York iko nyuma yetu kwa saa 7, na miezi mingine kwa saa 8. Kipindi cha asubuhi kinachoanza huko saa 12 alfajiri utakipata saa 7 mchana, au saa 8 mchana wakati wa baridi yao. Nyimbo laini za saa 4 usiku zitakufikia saa 11 alfajiri au saa 12. Kwa anayeamka kuwahi daladala, zinafaa sana. Kwa kifurushi kidogo cha data, chagua ubora wa chini wa sauti kwenye programu kama inaruhusu, na anza na Jumapili.